Sarafu Zisizo na Mwenyewe

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika jamii ya wapenzi wa sarafu za mtandaoni, awe mvuvi wa Deep Sea au mwalimu mstaafu wa Chumbageni, mitaa ya mji wetu, huja na maswali mengi ambayo yakichujwa vizuri hubaki moja tu: mwenyewe ni nani? Huenda akaliuliza kwa sura nyingine, akataka kujua ofisi ziko wapi, au namba ya huduma kwa wateja ni ipi, au akikosea kutuma atamlilia nani; walakini ukimsikiliza kwa insafu utatambua kwamba anachokitafuta ni uso wa mtu, mtu mwenye meza, kiti na muhuri, awezaye kusalimiwa kwa taadhima asubuhi na kulaumiwa jioni. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivyo. Mgonjwa ana tabibu wake, mwenye kesi ana shehe au diwani, mwenye kupunjwa mizani ana mkuu wa soko, na hata aliyepotelewa na mbuzi ana mtu wa kumwendea, ingawa mtu huyo aghalabu ndiye aliyemla mbuzi.

Mimi maswali haya hunijia bila ya kuyaita. Katika ujana wangu nilikuwa karani wa hawala za posta, nikipokea fedha za watu dirishani na kuzipeleka kwa maandishi hadi Lindi na Kigoma, na kwa sababu hiyo watu wa mtaa wetu wa Ngamiani waliamua, pasipo kunishauri, kwamba kila fedha isafiriyo bila ya kuonekana iko chini ya elimu yangu. Mpwa wangu, kijana mwenye haraka nyingi na simu mbili, alinitia katika kundi la Telegram la wanafunzi wa sarafu hizo ili, kwa maneno yake, “Mjomba asipitwe na wakati”. Na tangu hapo baraza yangu, ambayo zamani ilikuwa mahali pa dhumna na kahawa chungu, imegeuka darasa ambalo mwalimu wake hana shahada na wanafunzi wake hawana subira.

Swali la mwenyewe nilianza kulijibu kwa ukweli, nikaona ukweli hauna soko. Nilieleza kwamba bitkoini, iliyo mama wa sarafu zote hizi, ilitangazwa tarehe 31 Oktoba 2008 kwa waraka wa kurasa 9 ulioandikwa na mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto. Kwamba daftari la miamala ya sarafu hiyo lilianza kuandikwa tarehe 3 Januari 2009. Kwamba huyo Satoshi, awe mtu mmoja au kundi la watu, hajapata kuthibitishwa na yeyote, na mwaka 2011 alijitoa katika mazungumzo ya wenziwe asirudi tena, akaliacha daftari liandikwe na maelfu ya kompyuta zilizotawanyika duniani, ambazo hukubaliana juu ya ukurasa mpya kila baada ya dakika takriban 10. Sarafu zenyewe, nikaongeza, hazitazidi milioni 21. Wasikilizaji walinyamaza kwa adabu. Kisha fundi cherehani wa jirani, ambaye ni mwangalifu sana wa kila kitu isipokuwa vipande vya vitambaa vya wateja, akauliza: “Sasa, Mzee, huyo bwana akirudi akadai vyake?” Nikamwambia kwamba hata akirudi hana ufunguo wa kufungulia hazina ya mtu mwingine. Akatikisa kichwa. Mali isiyo na mwenyewe, alisema, ni mali ya kuogopwa, na huenda ikawa ya majini.

Walaghai wa dunia walilisikia swali hili kabla yangu, wakalipatia jawabu lenye hariri na almasi. Mwaka 2014 bibi mmoja aitwaye Ruja Ignatova alianzisha pamoja na mwenziwe kitu kilichoitwa OneCoin, na Juni 2016 alisimama katika ukumbi wa Wembley, London, mbele ya maelfu ya watu waliomshangilia, akiwa amejipamba kama bibi harusi wa ukoo tajiri, akawaahidi kwamba sarafu yake itaifunika bitkoini. OneCoin haikuwa na blokucheini, yaani lile daftari la pamoja ambalo kila mtu aweza kulikagua. Palikuwa na tarakimu tu, zilizopandishwa na wenyewe walivyopenda. Lakini mwenyewe alikuwapo! Alionekana, alihutubia, alipigwa picha. Na watu wa nchi nyingi wakampa mali iliyokadiriwa na waendesha mashtaka wa Marekani kufikia dola bilioni 4, Uganda ikiwa mojawapo ya nchi hizo, ambako jirani alimwingiza jirani na mwana akamwingiza mama yake. Oktoba 2017 bibi huyo alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens, na tangu siku hiyo hajaonekana hadharani. Juni 2022 FBI ya Marekani ikamtia katika orodha yake ya watu 10 wanaotafutwa mno, na mwaka uliofuata mwenziwe akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Niliihadithia baraza habari hii kwa tumaini kwamba itakuwa dawa. Fundi cherehani aliona ndani yake hoja ya upande wake: “Afadhali huyo,” alisema, “angalau anajulikana anayetafutwa.”

Kundi la mpwa wangu lina kanuni zilizobandikwa juu kabisa, na ya kwanza yasema kwamba msimamizi, ambaye humo huitwa admini, hamwanzi mtu kwa ujumbe wa faragha. Sidhani kama ipo kanuni isiyosomwa kuliko hiyo. Mgeni huingia, akauliza hadharani, “Samahani wakuu, nimenunua lakini mzigo hauonekani,” na kabla wakuu hawajajibu, simu yake hupokea salamu za faragha kutoka kwa watu watatu, kila mmoja akiwa na picha ya admini, jina la admini lililozidi herufi moja, na upole ambao admini wa kweli hajapata kuwa nao. Ishara yenyewe ni hiyo, kwa anayetaka ishara: admini wa kweli ni mtu aliyechoka, mkali, mwenye jawabu la maneno mawili ambayo aghalabu ni “soma juu”, ilhali tapeli huamkia, huuliza hali ya watoto, huomba dua, kisha hukuletea kiungo cha “kuhakiki waleti yako”, ule mkoba wa sarafu hizi simuni, na kwenye kiungo hicho utaombwa siri zako zote kwa unyenyekevu mkubwa.

Shemeji yangu, mke wa ndugu yangu mdogo, ni mwanamke ambaye kwa miaka amezizoea zile jumbe za “ile hela tuma kwenye namba hii”, na kila anapoitwa kwa simu ajiunge na Freemason apate gari na nyumba, husoma audhubillahi akafuta. Mtu huyo huyo alimwamini admini wa namna hiyo alasiri nzima. Aliokolewa na bando, lililokwisha wakati ukurasa wa kuhakiki ukijifungua, na alipokuja kwangu kulalamikia bei za bando nikajua yaliyotaka kumfika. Nilimuuliza imekuwaje yeye, mjuzi wa hila zote za simu, amsadiki mtu asiyemjua. Sababu aliyoitoa sikuweza kuipinga: “Shemeji, ndiye pekee aliyenijibu.”

Wapo wanaodhani kwamba kama hakuna mwenyewe mwingine, basi mwenyewe ni serikali. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliwatangazia watu kwamba fedha halali nchini ni shilingi na kwamba sarafu hizi hazitambuliwi. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, aliitaka Benki hiyo ianze kujiandaa kwa ujio wa sarafu hizi. Na mwaka 2024 sheria ya fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Mwanasheria mstaafu anayecheza dhumna nasi aliyapima mambo haya matatu, akatoa rai kwamba hayapingani hata kidogo, kwani kitu chaweza kisitambuliwe mlangoni kikatambuliwa katika hesabu. Ama uhalali mbele ya Mungu, Mufti Mkuu wa Misri alitoa fatwa ya kukataza mwanzoni mwa 2018, na wanazuoni wengine wameruhusu kwa masharti. Maalim wetu wa chuo, akiulizwa, humuuliza muulizaji kama amekwisha lipa deni la dukani.

Sasa nifike kwenye maneno 12, yaliyoleta fadhaa kubwa kuliko zote mtaani kwetu pasipo mtu kuibiwa hata senti.

Waleti ya sarafu hizi, inapoundwa, humpa mtu wake maneno 12, pengine 24, ya Kiingereza, yaliyopangwa kwa mfuatano, ambayo huchaguliwa kwa bahati kutoka katika orodha maalumu ya maneno 2,048. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye fedha, na aliyeyapoteza hana pa kwenda: hakuna dirisha la kuombea mengine, wala kitambulisho cha kuonyesha, wala kiapo mbele ya hakimu kitakachofaa kitu. Hapo ndipo yule mwenyewe aliyetafutwa kwa muda mrefu anapopatikana hatimaye, naye ni kipande cha karatasi. Wageni wengi huambiwa hayo wasiyatie maanani. Huyapiga picha wakayaacha simuni pamoja na picha za harusi, au huyatuma kwa WhatsApp kwa mdogo wao “ayatunze”. Dereva mmoja wa malori, mpangaji katika nyumba ya mkwewe mtaa wa pili, alikuwa na kosa la namna nyingine, nalo ni kutii kila alichoambiwa.

Aliambiwa asiyapige picha, hakupiga. Aliambiwa asimwonyeshe mtu, hata wa nyumbani mwake, akamficha mkewe. Aliambiwa ayaandike kwa mkono na kuyaweka mahali pakavu pasipofikiwa. Kwa kuwa kalamu iliyokuwapo ilikuwa nyekundu, aliyaandika kwa wino mwekundu, mstari chini ya mstari, kila neno na namba yake, akaikunja karatasi mpaka ikawa ndogo mfano wa kucha, akaifunga katika nailoni, akaishonea kitambaa cheusi, akaipenyeza ndani ya godoro la sufi upande wa miguuni. Kisha akaenda zake safari ya Arusha na mzigo wa saruji.

Siku ya pili yake mkwewe alitoa magodoro kuyaanika, na mkono wake, uliozoea kukagua sufi, ukakuta kitu kigumu. Alipokifumua na kuona wino mwekundu na maandishi ya kigeni, alimwita mjukuu wake wa kidato cha pili amsomee. Ile orodha ya maneno 2,048, kwa wasioijua, ilikusanywa na watu wasiokuwa na nia mbaya yoyote, walakini ndani yake mna maneno ya kila hali ya maisha, na bahati haikumwonea dereva huruma. Binti alisoma na kufasiri, kwa sauti ya mtihani: “Mume. Mfupa. Usiku. Yatima. Mzuka. Nyoka.” Bibi hakungoja afike kumi na mbili.

Mganga aliyeendewa aliitazama karatasi kwa makini, akasema hiyo ni kazi ya ng'ambo, kazi nzito, na kwamba namba zile ni hesabu ya miezi. Dawa yake ilikuwa kuiloweka katika maji ya marashi mpaka wino utoke wote, na maji yake kumwagwa njia panda kabla ya alfajiri, na ada ya kazi hiyo ilikuwa pamoja na jogoo mwekundu, ambaye mimi naamini hakuwa na dhambi yoyote katika mambo haya. Dereva aliporudi akiwa bado na vumbi la njiani alikuta kikao cha ukoo kimekwisha kaa, nami nimeitwa kama jirani na mtu mzima. Mkwewe alieleza, binti akatoa ushahidi, mke alikuwa akilia pembeni. Yule bwana alinitazama mimi, nami nikamtazama, tukaelewana. Akisema kwamba karatasi ile ni uchawi, atafukuzwa nyumbani. Akisema kwamba ni ufunguo wa fedha, ataulizwa ni fedha gani, ni kiasi gani, na kwa nini mkewe hakuijua ilhali ada za shule zilikopwa kwa mwenye duka. Alifikiri kitambo. Akachagua uchawi.

Nilimtetea kadiri nilivyoweza, nikisema kwamba vijana wa siku hizi hununua hirizi za biashara wakidhulumiwa na waongo, na kwamba aliyoitia godoroni ilikuwa ya kumvutia wateja. Hivyo akatozwa kanzu moja ya mkwe na mbuzi mmoja wa sadaka, mambo yakapoa. Usiku alinijia kwa mlango wa nyuma. Waleti ilikuwa ingali wazi katika simu yake, na kwa hiyo aliweza kuhamishia fedha zake katika waleti mpya yenye maneno mapya, ambayo sitasema ameyaficha wapi, ila waganga hawafiki. Ana bahati. Mtu mmoja wa Newport, huko Wales, diski ya kompyuta yenye funguo za bitkoini zipatazo 8,000 ilitupwa jalalani mwaka 2013, akashindana na halmashauri ya mji wake kwa miaka apewe ruhusa ya kufukua, na Januari 2025 mahakama ikamfungia mlango.

Ya kinyozi wetu ni hadithi nyingine, naye simwonei huruma sana, ingawa ndiye anyoaye vizuri kuliko wote mtaani.

Kwanza lazima ifahamike kwamba sarafu iitwayo USDT, inayothaminiwa sawa na dola ya Marekani na kupendwa sana na wafanyabiashara wetu, haisafiri kwa nguvu zake. Ikikaa katika mtandao wa Tron huhitaji sarafu nyingine, TRX, ya kulipia safari, ada ambayo vijana huiita gesi. Na kila mgeni hufika siku moja akasimama mbele ya dola zake mwenyewe asiweze kuzigusa, kwa kuwa hana nauli ya kuzitoa. Jambo hili huwaudhi watu waliozoea fedha za simu, ambako ada hukatwa humo humo, jina la mpokeaji hutangulia kuonekana, na ukikosea unaweza kupiga simu, ukangoja, ukasikiliza muziki, ukalia kidogo, na pengine muamala ukarudishwa. Kwenye sarafu hizi anwani ni mfululizo wa herufi na tarakimu usiotamkika, ya Tron huanza kwa T na ya Ethereum kwa 0x, jina la mtu haliji, na muamala ukisha thibitishwa haurudi. Basi.

Asubuhi moja kinyozi, akiwa na mteja kitini, aliona kundini ujumbe wa mtu aliyejitambulisha kuwa mgeni: “Wakuu shikamooni, nina USDT 2,800 kwenye waleti yangu, nashindwa kuzitoa, naombeni msaada, maneno yangu ni haya.” Na maneno 12 yakafuata, yote, kwa mfuatano wake. Mtu mwema angemwandikia yule mgeni afute haraka. Kinyozi aliangalia kulia na kushoto, akayaingiza yale maneno katika simu yake, akaona: dola 2,800 zimelala humo hazina mlinzi, na TRX hakuna hata chembe. Alichokosa yule mjinga, alijiambia, ni nauli tu. Akatoka mbio kwa wakala, akamwacha mteja, akaweka shilingi 50,000, akanunua TRX kwa kijana mmoja wa kundini, akaipeleka katika ile waleti. Nauli ilifika, na kabla hajagusa kitufe cha kutolea, ikatoweka. Akadhani mtandao unasumbua. Akatuma nyingine.

Waleti ile ilikuwa imetegwa. Mwenye kuitega alikuwa ameibadilisha ruhusa zake hata yale maneno 12 peke yake yasiweze kuhamisha zile dola, na pembeni yake programu isiyolala ilikuwa ikingoja nauli za wezi wote waliokuja “kusaidia”, ikizikusanya mara zinapotua. Katika ulaghai wote nilioujua, huu peke yake ndio ulionifanya nimstahi mlaghai kwa dakika moja, kwa kuwa haukumtega mtu isipokuwa yule aliyekwisha amua kuiba. Kinyozi alinijia akitetemeka kwa ghadhabu, akitaka nimwonyeshe pa kushtaki. “Utasema nini?” nilimuuliza. Alifungua kinywa, akakifunga. Mteja aliyeachwa kitini, ambaye alikuwa Maalim wetu, alikuwa amemfuata hadi barazani kwangu, shuka la kinyozi likingali shingoni na upande mmoja wa kichwa ukiwa umenyolewa, na kwa hali hiyo akatoa waadhi juu ya tamaa ambao watu wa mtaa wanaukumbuka mpaka sasa, hasa kwa sababu alikuwa akigeuka huku na huku.

Juma lile lile kinyozi aliandikiwa na “wakili wa kimataifa wa kurejesha fedha zilizoibwa”, mwenye nembo ya mizani na picha ya jengo refu, aliyetaka ada ndogo ya kufungulia jalada. Hao huwafuata waliokwisha umia, maana wanajua kwamba mtu akishapigwa mara moja humtafuta mwenyewe kwa bidii zaidi. Kinyozi alimjibu kwamba atalipa fedha zikisharudi. Wakili hakuandika tena, na mimi nikahisi kwamba elimu imeanza kuingia.

Kuhusu bei sitasema mengi, kwa kuwa huko hakuna ucheshi, kuna jasho tu. Kila mgeni huuliza “itapanda lini?” kwa sauti ya mtu anayeulizia boti ya Pemba. Mwalimu mmoja alinunua sarafu ya mbwa kwa sababu ilikuwa rahisi, akapata nyingi sana, na furaha ya kuwa na milioni tatu za kitu chochote ilimzuia asiulize ni kitu gani. Ile Dogecoin yenyewe, ambayo ndiyo babu wa sarafu za mbwa, iliundwa Desemba 2013 kwa mzaha, na walioiunda walisema hivyo. Kisa kipendwacho na baraza ni cha yule mtu wa Florida ambaye tarehe 22 Mei 2010 alilipa bitkoini 10,000 kwa piza mbili. Kila nikikisimulia wote huguna, wengine hushika vichwa, mwanasheria hufanya hesabu kwenye pakiti ya sigara akaivunja vunja, ni muuza kahawa peke yake, anayesikiliza akiwa amesimama na buli lake mkononi, ambaye husema kila mara: “Lakini alikula.”

Mwishowe baraza iliamua kulimaliza suala la mwenyewe kwa njia tuliyorithi, yaani kuunda kamati. Kikaanzishwa chama cha kununua bitkoini kwa umoja, mwenyekiti mwanasheria, katibu shemeji yangu, mweka hazina fundi cherehani kwa ule uangalifu wake, na mimi nikatajwa kuwa mlezi, cheo kisichokuwa na kazi ila kuanza kupakuliwa. Michango ilitolewa. Katiba ikaandikwa, ikasomwa, ikapingwa, ikaandikwa tena, na sehemu kubwa ya mjadala ilihusu yale maneno 12, ambayo yalikubaliwa kugawanywa manne manne kwa viongozi watatu, ukazuka ugomvi juu ya nani apewe manne ya mwanzo, kwa kuwa mwenyekiti aliona ni haki ya cheo na katibu akaona ni ubaguzi. Ukachongwa muhuri wa duara wenye jina la chama pembezoni na picha ya sarafu katikati. Yakanunuliwa madaftari mawili. Ikapikwa biriani ya uzinduzi, ambayo kwa kweli ilikuwa biriani.

Fedha zilizobaki zilikuwa haba, lakini hilo si kikwazo, maana bitkoini moja hugawanyika sehemu milioni 100 na hata mnyonge hupata chembe yake. Mpwa wangu alikuja na simu zake zote mbili, akatafuta muuzaji mwenye sifa njema, bei ikakubaliwa, ikabaki mweka hazina atoe fedha. Akauliza kama muuzaji atatoa risiti. Mpwa wangu akamwonyesha kwamba muamala huandikwa katika daftari la dunia nzima, usiofutika, unaoweza kusomwa na mtu yeyote mpaka kiama. Mweka hazina alisikiliza mpaka mwisho, akasema hayo yote ni mazuri, lakini katiba, kifungu cha tisa, inataka risiti yenye muhuri. Na hapo tulipo ndipo alipogoma. Mwenyekiti amekwisha mwandikia barua ya karipio, nzito, ya kurasa mbili. Ila haijawa na nguvu, kwa sababu muhuri wa chama anao mweka hazina.